Diski ya Ami na kompyuta ya studio: shajara ya kazi

Jumatatu, asubuhi

Vilivyofika mezani: diski ya nje ya inchi 2.5, ujazo terabaiti 1, yenye kile kiunganishi kipana cha USB 3.0, na kompyuta ya mezani ya Core i3 kizazi cha nne, RAM gigabaiti 4, Windows 10. Mwenye vitu ana studio ya picha na video hapa Ngamiani, Tanga. Ninamwita Ami kwa kuwa yeye na marehemu baba walikuwa watu wa baraza moja.

Malalamiko, kwa maneno yake: diski "inaingia na kutoka", siku nyingine inaomba ifomatiwe, folda za harusi za mwaka jana zimeyeyuka, kompyuta nayo inazimika yenyewe mchana akiwa katikati ya kuhariri. Tumo Shaabani, harusi zinafuatana kuuwahi mfungo, na kuna familia ya Makorora inayokuja Jumamosi kuchukua video yao. Video imo humo humo ndani ya diski. Nakala nyingine hakuna, kadi ya kamera ilishafutwa kupisha shughuli iliyofuata.

Kabla ya kugusa waya nikamuuliza jambo moja: kuna aliyelikubali lile ombi la kufomati?

"Kijana mmoja alitaka kubonyeza, nikamshika mkono."

"Ewaa, Ami. Umeokoa nusu ya kazi."

Kisha nikaiweka diski juu ya meza ya mbao, nikaichomeka na kutega sikio. Diski ya sahani inasema inachoumwa kama unajua kuisikiliza. Ikigonga tak, tak, tak kwa mpigo ule ule, vichwa vya kusomea vimeharibika, na hapo unachomoa mara moja: kila dakika inayozunguka inazidi kuikwangua sahani, na kinachobaki ni kuipeleka kwa wenye chumba kisicho na vumbi. Hii haikugonga. Ilianza kuzunguka, ikafika katikati, ikalia mlio mwembamba na kuzimika, ikaanza tena. Mlio huo ni wa njaa ya umeme.

Tundu alilokuwa akilitumia ni la mbele ya kasha. Matundu ya mbele hayajachomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, yanaletwa na waya mwembamba, na hapa kwetu karibu na bahari pini zake hushika kutu. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ya sahani inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji hata zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Kimita cha USB kilionyesha volti 4.6 mbele wakati diski inajikokota. Nyuma, volti 5 kasoro kidogo. Nikabadilisha na waya pia, wa kwake ulikuwa umelegea upande mmoja wa kiunganishi kwa sababu anapenda kuibeba diski huku ukining'inia.

Nyuma ya kasha, na waya mfupi mpya, diski ikasimama imara, haikutoka tena.

Ami akaanza kuvaa viatu. Nikamwomba akae kidogo.

Jumatatu, alasiri

Diski imesimama lakini Windows haiioni kama diski yenye vitu. Kwenye orodha ya usimamizi wa diski imeandikwa RAW, maana yake sehemu ipo, ila Windows haitambui mfumo wa mafaili uliomo. Na lile dirisha likarudi: fomati kwanza ndipo uitumie.

Hapa mafundi wengi mjini hukimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski, na ule mkia wake wa /f /r. Mimi sikubaliani nao, na nitaandika sababu kwa kuwa nimeshabishana nalo mara nyingi. chkdsk ni mfagizi: kazi yake ni nyumba ibaki safi, hana habari kwamba kile kikaratasi kilichochanika kilikuwa hati ya kiwanja. Ikikuta rekodi isiyoelewana na wenzake inaikata, inahamishia vipande kwenye folda ya found.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK, kisha inatangaza kwamba yote ni salama. Na ni kweli, mfumo wa mafaili unakuwa salama. Harusi ndiyo haimo. Juu ya hayo, chkdsk inaandika kwenye diski ile ile inayoumwa. Diski ambayo hujaitoa nakala haiandikwi kitu, hata herufi moja.

Leo sifanyi zaidi ya hapo. Nimeichomoa, nimeiweka kwenye boksi, nimebandika karatasi: USIFOMATI.

Jumanne

Nimeichomeka kwenye laptopu yangu ya Linux, ambako hakuna kinachojifungua chenyewe wala kuandika bila ruhusa. Amri ya kwanza, ya kuiuliza diski afya yake:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Ule mkia wa -d sat unahitajika kwa sababu kati ya USB na diski halisi kuna chipu ya kutafsiri, na bila hiyo taarifa za afya hazipiti. Jibu la juu kabisa lilisema PASSED. Watu wengi wanaishia hapo wanafunga kitabu. Mimi nateremka chini kwenye jedwali, mistari mitatu tu: ule wa 5, sekta (vile vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizokwisha hamishwa, wa 197, sekta zinazongoja hukumu, na wa 198, zilizoshindikana. Programu za Windows huziandika 05, C5 na C6, ni vitu vile vile.

Ya 5 ilikuwa sifuri. Ya 197 ilikuwa 56.

Sekta inayongoja ni ile ambayo diski ilijaribu kuisoma ikashindwa, lakini haithubutu kuihamisha kwa kuwa bado inatumaini siku moja itasomeka. Ikiandikwa upya ndipo inaamuliwa: ikikubali maandishi inafutwa kwenye orodha, ikikataa inapewa mbadala kutoka akiba, na hapo namba ya 5 inapanda. Kwa hiyo diski ya Ami ilikuwa na maradhi mawili yaliyokaa pamoja yakafanana na moja. La kwanza ni umeme wa kubahatisha, ambalo waya na tundu la nyuma vimelitibu. La pili limo kwenye sahani zenyewe, na yamkini limezaliwa na la kwanza, kwani diski inayokatiwa umeme huku inaandika huacha sekta ambazo hazikumalizika.

Mstari wa 199 niliupita. Unahesabu makosa ya mawasiliano kwenye SATA, na katika diski ya nje hiyo ni njia fupi ya ndani, kati ya chipu na diski. Waya wa USB hauhusiki nao, ingawa nimesikia mtu akiutumia mstari huo kumwuzia mteja waya.

Nilipompigia simu Ami kumwambia anunue diski mpya ya terabaiti 2, mazungumzo hayakuwa matamu.

"Si ulisema imesimama?"

"Imesimama, Ami. Lakini inasoma kwa kubahatisha. Vitu vikitoka humo vitahitaji pa kulala."

"Vikalale kwenye kompyuta."

"Kompyuta imejaa."

Akanyamaza. Baadaye akatuma ujumbe kuuliza kama iliyotumika haifai. Nikamjibu haifai. Sitaki kuhamisha watu kutoka nyumba inayovuja kwenda nyumba nisiyoijua paa lake.

Jioni nikaanza kutoa nakala. Chombo ni GNU ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz, na kwa maoni yangu hakuna programu ya kulipia inayoishinda kwa kazi hii. Kunakili kwa kawaida, kwa kuburuta folda, kukikutana na sekta mbovu kunaganda hapo hapo na kuilazimisha diski ijaribu tena na tena mahali panapouma. ddrescue inafanya kinyume: inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka pabaya, na inaandika kwenye faili dogo la ramani ni wapi imepita na wapi imeacha. Pabaya panarudiwa mwishoni, wakati vyema vyote vimeshakuwa mikononi.

ddrescue -n /dev/sdb /mnt/karakana/ami.img ~/ami.map

Nakala pacha ya diski nzima inaingia kwenye faili moja, ami.img, ndani ya diski ya karakana yangu. Diski hiyo nimeifomati kwa mfumo wa mafaili wa ext4. FAT32 isingefaa, kwa kuwa faili moja humo halivuki gigabaiti 4. Kabla ya kubonyeza Enter nilisoma lsblk, orodha ya diski zilizochomekwa, kwa sauti: ujazo, jina, ipi inasomwa, ipi inaandikwa. Ukizipindua, ddrescue hukataa kuandika juu ya diski nzima hadi uongeze --force, lakini ukishaiongeza unaimwaga diski tupu juu ya harusi za watu.

Ilianza kwa megabaiti 90 na kitu kwa sekunde. Nikaielekezea feni ndogo, kwa sababu joto la kaskazi halikuwa likisaidia na kipimo cha diski kilishapanda nyuzi 46.

Jumatano

Usiku umeme ulikatika. UPS ikalia, nikaamka na kubonyeza Ctrl+C, ddrescue ikasimama kwa adabu na kuiandika ramani yake. Umeme uliporudi alfajiri nikachomeka upya na kutoa amri ile ile. Karibu niibonyeze kama ilivyo kwenye kumbukumbu ya terminali, lakini lsblk ikaonyesha herufi zimebadilika: diski ya Ami sasa ni sdc, na sdb ni ya karakana. Linux inagawa herufi kwa anayewahi kufika. Nikarekebisha, ikaendelea pale pale ilipoachia.

Wakati hiyo inasoma, nikaifungua kompyuta.

Vumbi la Ngamiani likichanganyika na unyevu wa bahari haliwi vumbi tena, linakuwa blanketi. Nililitoa nje uani, si ndani, kwa blowa na brashi laini ya kupakia rangi, nikizishika pangaboi za feni kwa kidole zisizunguke kwa upepo: feni inayozungushwa kwa nguvu hivyo inaumia beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Ndani ya pawa saplai, kupitia matundu, niliona mayai ya mjusi. Mawili. Sifungui pawa saplai, kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa ukutani. Nilipuliza kutoka nje na mayai yakatoka bila kupasuka. Kijana anayenisaidia akayahamishia kwenye chungu cha mrehani.

Kuzimika kwa mchana kulikuwa na maelezo mepesi. Feni ya prosesa ya aina hii hushikiliwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa kwenye madabodi hadi ilie tik. Mguu mmoja haukuwa umeingia, kwa hiyo chuma cha kupozea kilikaa upande, na ile dawa ya joto inayopakwa kati ya chuma na prosesa ilikuwa imekauka hadi inameguka. Nilisafisha kwa spiriti safi ya isopropili, nikaweka tone jipya ukubwa wa punje ya choroko, nikarudisha miguu yote minne. Kabla ya hapo prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 94 ikihariri video. Baada ya hapo, kwa kazi ile ile, haikuvuka 65.

RAM niliitoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikapangusa, nikarudisha. Waya wa tundu la mbele la USB niliuchomoa kabisa kwenye madabodi na kuziba tundu kwa utepe mweusi. Ami atalalamika. Alalamike tu, akisahau siku moja akachomeka hapo tutarudi mwanzo.

Jambo dogo lililogeuka kubwa: betri ya duara ya CR2032, inayotunza saa. Inapaswa kuwa na volti 3, mita ilisoma 2.4. Umeme ukikatika, kompyuta inarudi Januari 2014. Ami alinieleza kwamba kila asubuhi huiweka tarehe kwa mkono, kwa sababu bila hivyo tovuti zinakataa kufunguka. Vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika. Asichokifikiria ni kwamba siku alizosahau, kila faili alilolihifadhi liligongwa muhuri wa 2014. Baadhi ya harusi "zilizoyeyuka" mwaka jana, nikaandika pembeni, huenda zimejificha chini kabisa ya orodha aliyoipanga kwa tarehe. Betri yenyewe ni bei ya chipsi kavu.

Alhamisi

Mzunguko wa kwanza umekwisha: kimekosekana kama megabaiti 400. Kisha nikairuhusu irudi kwenye pabaya, mara tatu kila mahali:

ddrescue -d -r3 /dev/sdc /mnt/karakana/ami.img ~/ami.map

Hapo kasi inaporomoka hadi kilobaiti, na diski inakoroma. Niliiacha, nikaenda kula. Mwishowe kilichobaki hakijasomeka ni megabaiti 5 na ushei katika terabaiti nzima. Nikaichomoa diski ya Ami na kuirudisha kwenye boksi lake. Kuanzia hapa kila kitu kinafanyika kwenye nakala.

Swali lililonikalia kichwani: megabaiti 5 hizo ni za nani? Zinaweza kuwa mahali patupu, zinaweza kuwa katikati ya ile video ya Makorora. Nakala haijui, mahali palipokosekana pamejaa sifuri tu. Kwa hiyo nikatengeneza faili dogo la maandishi lenye neno SEKTA-MBOVU, nikaitunza ramani kwa nakala ya akiba, kisha nikaiambia ddrescue ijaze neno hilo kila mahali palipopotea:

ddrescue --fill-mode=- alama.txt ami.img ami.map

Sasa faili lolote lililoguswa litakuwa na maneno hayo tumboni, na yatatafutika. Mpangilio hapa una maana. Hatua hii inatangulia kukarabati mfumo wa mafaili, kwa sababu sekta ya kwanza kabisa ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, ile inayoeleza vipimo vya nyumba nzima, ilikuwa miongoni mwa zilizokufa. Hiyo ndiyo iliyoleta RAW. Ukikarabati kwanza kisha ukajaza alama, unaifuta tena sekta uliyotoka kuitibu.

NTFS kwa bahati huweka nakala ya sekta hiyo mwishoni mwa sehemu yake. TestDisk, programu ya Mfaransa Christophe Grenier, inajua pa kuitafuta: ukienda Advanced, kisha Boot, inakuambia ya mbele ni mbovu na ya akiba ni nzima, na unachagua Backup BS. Ikanakili ya nyuma kuja mbele. Nikaifungua nakala kwa kusoma tu, na folda zikajipanga na majina yake yote. Kule PhotoRec, pacha wa TestDisk, sikuhitaji kufika. Inaokoa picha kwa kutambua alama za mwanzo wa faili, lakini majina yanapotea, na Ami angebaki na maelfu ya picha zinazoitwa f0123456.jpg akitafuta bibi harusi mmoja.

Na hapa likatokea ambalo sikulitegemea siku nilipoichukua kazi. Folda za mwaka jana zilikuwepo. Kando ya kila moja kulikuwa na faili dogo la jina lile lile likiishia na .lnk, na folda moja isiyo na jina kabisa, imepewa herufi tupu isiyoonekana, ndani yake miezi mizima ya kazi. Kirusi cha njia za mkato. Kila aliyewahi kupeleka fleshi kwenye duka la kuchapisha anakijua: kinaficha folda zako kwa sifa za mfumo, kinaweka njia za mkato badala yake, ukibofya kinafungua folda yako na kujizalisha kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo huhisi kitu. Antivirusi ikija baadaye ikafuta njia za mkato, folda zinabaki zimefichwa na mwenye mali anaamini zimefutika. Linux haijali sifa hizo, inaonyesha kila kitu.

Nilimpigia Ami. Alisema alhamdulillahi mara kadhaa, akauliza kuhusu Makorora.

Nikatafuta alama ile ya SEKTA-MBOVU kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Yakatokea mafaili machache: picha kadhaa za maulidi ya shule, faili la muda la programu ya kuhariri, ambalo halina thamani, na video moja ndefu. Si ya Makorora. Ni ya kesha la familia nyingine ambayo ilishachukua yake zamani, nayo inacheza, inakwama kidogo wakati wa kugawa biriani.

Ijumaa

Baada ya swala, upande wa programu. Diski mpya ya Ami imefika (alinunua ya dukani, na risiti akaniletea), mafaili yananakiliwa kutoka nakala pacha. .lnk zote na viskripti vya .vbs nimeviacha nyuma. Upande wa Windows kilichofichwa nimekifichua kwa attrib -h -s -r pamoja na /s /d. Kwa tarehe za 2014 sikutegemea muhuri wa kompyuta; kamera huandika tarehe yake ndani ya picha yenyewe, na programu ya exiftool imezipanga upya kwa hiyo.

Diski ya ndani ya kompyuta, gigabaiti 500, ilikuwa na nafasi isiyofika 4. Sikuanza kufuta, nilianza kuangalia. WinDirStat huchora kila faili kwa ukubwa wake na unaona papo hapo kinachokula. Zaidi ya gigabaiti 180 zilikuwa mafaili ya muda ya programu ya kuhariri video, vionjo vya miradi iliyokwisha miaka iliyopita. Programu hizo hazijisafishi zenyewe hadi uziambie. Windows.old, folda ya Windows iliyotangulia, ilikuwepo. Vipakuliwa vilikuwa na muziki ule ule mara nne. hiberfil.sys niliondoa kwa powercfg /h off, kwani kompyuta ya mezani haina haja ya kulala usingizi wa diski.

Antivirusi zilikuwa tatu, kila moja ikimpeleleza mwenzake. Nimeziondoa zote, nikabakisha Defender iliyomo, na nikaiendesha katika ule ukaguzi wake unaofanyika kabla Windows haijaamka. Ilikikuta kirusi pamoja na rafiki zake wawili, wote wameingia na programu iliyochakachuliwa ya kuongeza maandishi kwenye video. Kwenye orodha ya vinavyoamka na mashine nilizima karibu vyote. Zile programu za kuahidi kuongeza kasi kwa kubofya mara moja nimezifuta bila kuziuliza. Sijawahi kukuta moja iliyoongeza kitu zaidi ya matangazo.

Kuna jambo lisilofutika. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha inayokubaliwa na Windows 11, ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha nane na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Microsoft inatoa masasisho ya nyongeza kwa watu binafsi wanaojiandikisha hadi Oktoba 2026, nami nimeiandikisha. Baada ya hapo nitamshauri Ami mashine ya kuhariri isiguse intaneti, WhatsApp ibaki kwenye simu. Linux sikumpendekezea. Programu anayoijua haiko huko, na mtu wa miaka yake mwenye harusi tatu kwa wiki hahitaji kujifunza upya mahali ilipo menyu.

Jumamosi

Makorora wamechukua video. Sikuwepo.

Jumatatu iliyofuata

Sasa kwa kuwa kila kitu kipo kwenye diski mpya na nakala pacha bado iko karakana, nilirudi kwa diski ya zamani kuipa nafasi yake ya kujitetea. Nikaiandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nikasoma smartctl. 197 ilishuka hadi sifuri, na ya 5 ikapanda hadi 41: yaani nyingine zilikuwa zimeachwa njiani tu na umeme, lakini hizo 41 zilikuwa zimekufa kweli. Kama ingeishia hapo ningesema itumike kwa mambo yasiyo na thamani. Nikaisoma tena nzima usiku kucha. Asubuhi 197 ilikuwa 19. Madoa mapya. Uharibifu unatembea.

Ami alitaka ampe mpwa wake aweke sinema. Nikamwambia mpwa atakuja kuweka picha za chuo humo, nasi tutakutana tena hapa hapa. Akacheka, akaniachia. Nitatoa sumaku zake, kijana wangu anazipenda kwa kushika skrubu.

Bado kufanyika: SSD ya gigabaiti 240 kwa Windows, na RAM ya DDR3 kufikisha gigabaiti 8, Ami amesema baada ya Idi. Nakala ya pili ya diski mpya, ikae nyumbani kwa dada yake Chumbageni na si studio, moto au mwizi asizikute pamoja. Hiyo nimekataa kuisubirisha Idi, nimemwazima diski ya karakana hadi anunue. Na stabilaiza. Ile anayotumia sasa, nimeipima, inatoa volti 258 pale ukuta unapotoa 231.